Laptop inaanza na fremu 60 na kuishia 20: usinunue RAM kabla hujasoma chaja yako

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Tanga, nasoma chuo mwaka wa pili. Nimenunua laptop ya gemu ya mtumba: prosesa Core i5-10300H, kadi ya michoro GTX 1650 ya GB 4, RAM GB 8, SSD GB 256. Nikifungua GTA V inaanza vizuri kabisa, fremu 60 na zaidi kwa sekunde. Ikifika kama robo saa inashuka hadi 20, gari linakwenda kwa kurukaruka, na feni inavuma mpaka wa chumba cha pili wanauliza kuna nini. Nikiiacha dakika tano inarudi sawa, kisha inaanza tena. Mchana ni mbaya kuliko usiku. Fundi wa kwanza alipiga Windows upya, haikusaidia. Wa pili anasema niongeze RAM na nibadilishe SSD, laki mbili na nusu. Hela hiyo ninayo lakini ndiyo ya mwisho. Niitoe? Halafu betri inashuka hata nikiwa nimechomeka chaja, ila hilo nadhani ni uzee wa betri tu.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hela yako ibaki mfukoni kwanza. Kwa maelezo uliyotoa, RAM na SSD si chanzo cha kinachokusibu, na nitakueleza sababu ili ukikutana na fundi wa tatu uwe na hoja mkononi.

RAM ni kumbukumbu ya muda ambayo gemu inafanyia kazi; ikiwa ndogo, ni ndogo tangu dakika ya kwanza. Gemu ikijaza GB 8 zako utaiona ikishtuka unapoingia mtaa mpya, ikikwama nusu sekunde na kuendelea, na itafanya hivyo saa sita mchana na saa sita usiku bila tofauti. SSD, yaani diski ya kuhifadhia, nayo kazi yake ni kufungua gemu haraka na kuleta ramani kwa wakati. Haichori hata fremu moja, yaani zile picha zinazopita kwenye skrini kila sekunde. Sasa soma tena ulichoandika: inaanza vizuri, inashuka baada ya robo saa, ukiipumzisha inapona, mchana ni mbaya zaidi. RAM haiponi kwa kupumzishwa dakika tano. Kinachopanda polepole, kinachoshuka ukikiacha, na kinachofuata jua la nje ni joto.

Na mashine yenyewe si dhaifu kwa gemu hii. GTA V ilipoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, mashine iliyopendekezwa na watengenezaji wake ilikuwa na prosesa Core i5-3470, RAM GB 8 na kadi GTX 660 ya GB 2. GTX 1650 yako ni ya mwaka 2019 na inaipita hiyo kwa mbali. (Hapa nazungumzia toleo la awali. Lile la Enhanced lililotoka Machi 2025 ni zito zaidi, na kama ndilo unalocheza, rudi kwenye la awali wakati wa majaribio haya.) Ushahidi mkubwa unao mwenyewe: robo saa ya kwanza inakupa fremu 60. Nguvu ipo. Kuna kitu kinaichukua njiani.

Kuhusu fundi wa kwanza, sitamlaumu. Kupiga Windows upya kunaondoa takataka nyingi, na sasa tunajua tatizo halimo humo. Hilo ni jibu, hata kama si ulilolitaka.

Sasa ile sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kama kitu kidogo. Betri inashuka ukiwa umechomeka. Mdogo wangu, huo si uzee wa betri. Betri iliyochoka inakaa muda mfupi ukiitoa kwenye umeme, lakini ikiwa imechomekwa haina sababu ya kupungua. Ikipungua, maana yake laptop inakula umeme mwingi kuliko chaja inavyoleta, na upungufu unachotwa kwenye betri.

Igeuze chaja yako sasa hivi usome maandishi madogo. Tafuta neno Output. Utakuta volti na ampea, na ukizizidisha unapata wati. Ukikuta volti 19.5 na ampea 3.33, hiyo ni chaja ya wati 65, chaja ya laptop ya kuandikia barua. Ukikuta volti 19.5 na ampea 7.7, hiyo ni ya wati 150. Kisha pindua laptop yenyewe usome kibandiko cha chini, penye neno Input, maana pale mtengenezaji ameandika anachohitaji. Mashine nyingi za aina yako zilitoka kiwandani na chaja ya kati ya wati 120 na 150, nyingine zaidi ya hapo. Hesabu yake ni rahisi: prosesa yako imepangiwa wati 45 za kazi endelevu na inapochangamka inazidi hapo, GTX 1650 inakula kama wati 50, halafu ongeza kioo, feni, SSD na taa za kibodi. Unakaribia 110 kirahisi. Chaja ya 65 haiwezi kubeba mzigo huo hata ikiwa mpya kabisa.

Laptop za mtumba hupoteza chaja zao safarini. Muuzaji anatafuta yoyote ambayo plagi yake inaingia, laptop inawaka, taa ya kuchaji inawaka, mteja anaondoka ameridhika. Ukiandika kazi ya chuo au ukitazama video hutagundua chochote kwa miezi. Gemu ndiyo inayofichua.

Mwaka jana nilikaa na kijana aliyekuwa amekwisha badilisha RAM na SSD, kisha akaniletea mashine akiwa amekata tamaa. Kioo kilikuwa kizuri, feni safi, joto la prosesa nyuzi 63 tu, lakini kasi yake ilikuwa imeshuka hadi gigahezi 0.8 na haiondoki hapo. Nikaazima chaja ya wati 150 meza ya jirani yenye plagi ya aina ile ile. Kasi ikapanda pale pale kama mtu aliyeondolewa gunia mgongoni. Yule kijana alinyamaza muda mrefu. Alikuwa anapiga hesabu ya hela alizokwisha toa, na tangu siku hiyo mtu akiniambia gemu inasuasua, kabla sijagusa kitu naomba kuona chaja.

Ukienda kununua, nenda na laptop yenyewe. Volti ziwe sawasawa na zilizoandikwa kwenye kibandiko, ampea ziwe sawa au zaidi. Ampea zikizidi haziunguzi kitu, mashine inachukua inachohitaji tu. Lakini angalia pia plagi. Laptop nyingi zina waya mwembamba katikati ya plagi unaoitambulisha chaja kwa mashine. Waya huo ukikatika, au chaja ikiwa ya kuiga isiyo nao, laptop inakataa kuiamini na kujipunguza kasi hata kama wati zinatosha. Nyingine hutoa onyo unapowasha, watu wakabonyeza kuendelea bila kusoma. Na ishike mkononi: chaja ya kweli ya wati 150 ni nzito, ina umbo la tofali. Nyepesi kama ya redio huku imeandikwa 150, iache dukani.

Hata hivyo, chaja peke yake haielezi kwa nini mchana ni mbaya na kwa nini dakika tano zinaponya. Ninavyoona una matatizo mawili yanayosaidiana, na tuyatenganishe kwa kupima.

Pakua HWiNFO64, ni ya bure. Ukiifungua chagua Sensors-only. Itamwaga orodha ndefu ya namba, usiiogope, unahitaji chache tu: joto la prosesa lililoandikwa CPU Package, kasi ya prosesa, joto la GPU (ndiyo kadi ya michoro), kasi ya GPU, na mistari yenye maneno Thermal Throttling (kujipunguza kasi kwa sababu ya joto) ambayo inajibu Yes au No. Kuna safu ya Maximum inayohifadhi namba ya juu kabisa iliyofikiwa, kwa hiyo huna haja ya kuitazama muda wote. Fremu utaziona kwa kubonyeza kitufe cha Windows na G pamoja, ukafungua kidirisha cha Performance na kukibandika juu ya skrini.

Fanya jaribio saa saba au nane mchana, wakati tatizo likiwa kali. Laptop iwe juu ya meza ngumu, si godoro wala mapajani. Betri ianze na asilimia 100, chaja imechomekwa. Fungua gemu, endesha gari barabara zile zile kwa dakika 25, na kila dakika tano andika kwenye karatasi: fremu, joto la prosesa, kasi yake, joto la GPU, asilimia ya betri. Karatasi, tafadhali, si kichwani. Mtu akicheza anakumbuka ile mara moja iliyomuudhi na kusahau zile dakika kumi nzuri.

Kisha tusome pamoja. Kama prosesa imefika nyuzi 95 hadi 100, Thermal Throttling inasema Yes, na kasi inapanda na kushuka kati ya gigahezi 4 na chini ya 2, hilo ni joto. Nyuzi 100 ndicho kikomo alichoweka Intel kwa prosesa hiyo, na ikikigusa inajikata kasi yenyewe isiungue. Haijaharibika. Inajiokoa. Lakini kama joto liko 60 au 70 na kasi imeganda karibu na gigahezi 0.8, hilo ni suala la umeme, yaani chaja, au betri iliyokufa kabisa, au kihisi fulani kwenye ubao kinachotoa taarifa ya uongo. Na kama betri imetoka 100 hadi 80 katika dakika hizo 25, tatizo la chaja lipo, hata kama la joto nalo lipo.

Kwa kadi ya michoro kuna njia nzuri zaidi ambayo watu wengi hawaijui, na inakuja na draiva ya NVIDIA bila kupakua kitu. Gemu ikiwa imeshuka, bonyeza Alt na Tab kutoka nje, fungua Command Prompt uandike: nvidia-smi -q -d PERFORMANCE. Itakuorodheshea sababu zinazoizuia kadi kukimbia, moja moja, na mbele ya kila sababu imeandikwa Active au Not Active. Ukiona Active mbele ya Thermal Slowdown, ni joto. Mbele ya Power Brake, ni umeme. Kadi yenyewe inakuambia kinachoiuma. Fanya haraka lakini, maana ukitoka kwenye gemu mzigo unapungua na ndani ya sekunde chache hali inaweza kubadilika.

Kitu kimoja cha kupitia upesi kabla ya gemu. Washa laptop, iache dakika tano bila kufungua kitu. Feni ikivuma na prosesa ikila wati 20 au 30 bila kazi, kuna mgeni ndani, na mara nyingi ni programu ya kuchimba sarafu za mtandaoni iliyokuja na gemu ya kuiba au na kile kifaa cha kuamilishia Windows kilichotoka kwenye flashi ya mtu. Baadhi yake hujificha mara tu ukifungua Task Manager, feni inatulia ghafla, ukiifunga inaanza tena. Ukiona hivyo, Windows ipigwe upya kwa faili lililopakuliwa kutoka Microsoft, si flashi ile ile.

Turudi kwenye joto, maana ndipo nadhani kazi kubwa ilipo.

Ndani ya laptop yako kuna mabomba bapa ya shaba yanayopita juu ya prosesa na juu ya kadi ya michoro, na mwisho wake kuna mapezi membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Feni inapuliza hewa katikati ya kurasa hizo. Katika mashine nyingi za bei yako mabomba hayo wanachangia wote wawili, kwa hiyo prosesa ikiwaka moto inamchemsha na jirani yake. Hewa inayoingia ndiyo mwanzo wa hesabu yote: chumba kikiwa na nyuzi 32, kila kitu ndani kinaanzia 32. Kikiwa na 24 usiku, kila kitu kinashuka karibu nyuzi hizo nane. Mashine iliyo kwenye ukingo wa kikomo, nyuzi nane ndizo zinazoamua kama utacheza au hutacheza. Ndugu yako mwenye laptop kama hiyo hiyo Njombe au Lushoto anaweza kuapa haina tatizo lolote, na asiwe mwongo.

Jaribu kwanza bila kufungua. Inua nyuma ya laptop kwa vitabu viwili, kimoja kila pembe, usizibe matundu ya chini. Elekeza feni ya mezani upande wake. Rudia jaribio. Robo saa ikigeuka nusu saa, au joto likishuka nyuzi tano au zaidi, umepata uthibitisho kwamba hewa haipiti. Zile pedi zenye feni wanazouza madukani zinafanya kazi hiyo hiyo ya vitabu, nyongeza yake ni ndogo, na hazisafishi kitu. Usianze na hizo.

Kisha isafishwe. Laptop ya miaka minne au mitano iliyotumika ugenini, ikaja kwa kontena, ikakaa rafu ya duka penye vumbi la barabara, kisha Tanga penye unyevu wa bahari, ndani yake kuna kitu kama blanketi. Vumbi halikai kwenye feni, linajilaza kati ya feni na yale mapezi, linashikana na unyevu hadi kuwa kama kipande cha pamba kilichokandamizwa. Feni inazunguka kwa nguvu zote, inapiga kelele, hewa haipiti. Ndiyo ile kelele inayowasumbua wa chumba cha pili. Ukipuliza bloa kutoka nje bila kufungua, mara nyingi unalisukuma blanketi lirudi ndani ya mabawa ya feni, na ukiipuliza feni ikazunguka kasi kuliko ilivyoumbwa unaua beringi yake.

Nenda kwa fundi, lakini kaa pale pale utazame. Mwambie unataka kusafisha feni na kubadilisha themo pesti, ile inayopitisha joto kutoka prosesa hadi kwenye shaba, basi. Fundi anayejua kazi atafanya haya: baada ya kufungua kifuniko cha chini, kitu cha kwanza ni kuchomoa waya wa betri kwenye ubao. Asipofanya hivyo, mwombe kwa adabu afanye. Atatoa feni nje ili alione lile blanketi na kulivuta kwa mkono au kwa brashi, na akitumia bloa atazuia mabawa kwa kidole au kijiti. Skrubu za bomba la shaba zina namba zilizochongwa pembeni, 1, 2, 3, 4. Zinafunguliwa kidogo kidogo na kufungwa kwa kufuata namba, ili shaba ikae sawasawa juu ya prosesa. Akikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, shaba inakaa upande, na utaondoka na joto baya kuliko ulilokuja nalo.

Pesti ya zamani utaiona imekauka kama udongo wa mfinyanzi. Ifutwe kwa kitambaa na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, mpaka kioo cha prosesa king'ae. Pesti mpya kidogo tu katikati, ile isiyopitisha umeme. Mtu akikushawishi uweke metali ya majimaji, kataa: ina galiamu, inapitisha umeme na inakula alumini. Na hapa kuna kosa ninalolikuta mara kwa mara. Pembeni ya kadi ya michoro kuna vipande laini kama raba, vimelala juu ya chipu za kumbukumbu na za umeme. Vina unene maalumu, nusu milimita, milimita moja, moja na nusu, kujaza pengo kati ya chipu na shaba. Vikichanika, baadhi ya mafundi hupaka pesti mahali pake. Pesti haijazi pengo la milimita moja. Chipu inabaki hewani, laptop inawaka vizuri, joto la prosesa linaonekana zuri, na baada ya miezi kadi inakufa. Vipande hivyo virudi vilivyokuwa, au vinunuliwe vipya vya unene ule ule.

Kifuniko kikiwa wazi, tazama na betri. Ikiwa imevimba, hata kidogo, itolewe siku hiyo hiyo na isitobolewe. Dalili yake ukiwa nyumbani ni padi ya kipanya kuwa ngumu kubonyea au kuinuka upande mmoja. Zungusha pia feni kwa kidole: ikikwaruza au ikicheza kushoto na kulia, chumvi ya pwani imeshaila, ibadilishwe.

Katika mashine zilizozibwa namna hiyo nimeona nyuzi 10 hadi 20 zikiondoka kwa kazi ya saa moja. Hakuna RAM inayoweza kufanya hivyo.

Baada ya hapo kuna marekebisho mawili ya bure ambayo ningeyafanya hata mashine ikiwa mpya, kwa sababu ya hewa yetu. La kwanza, weka kikomo cha fremu. Fungua NVIDIA Control Panel, Manage 3D settings, Max Frame Rate, andika 60. Bila kikomo, kadi inachora fremu 90 au 100 mahali pepesi, nyika tupu au menyu, na zile 40 za ziada hazikusaidii kitu ila zote ni joto. Kadi inayokimbia chini ya uwezo wake inatumia pia volti ndogo, na umeme inaokula unapungua kuliko kasi yenyewe ilivyopungua. Kwa hiyo unapoteza kidogo, unapata kingi. Ndani ya GTA V kwenyewe zima MSAA (inayolainisha kingo za picha) na uteremshe Grass Quality kutoka Ultra hadi Normal. Hivyo viwili ndivyo vinavyokula zaidi, na ukiwa ndani ya gari huwezi kuhesabu majani.

La pili ni prosesa. Katika Power Options, mipangilio ya juu ya mpango unaotumia, kuna Processor power management, na ndani yake Maximum processor state. Ibadilishe kutoka 100 hadi 99. Inaonekana ni asilimia moja, lakini matokeo yake ni kuzima Turbo: prosesa inaacha kurukia gigahezi 4.5 na kubaki karibu na 2.5 yake ya kawaida. Joto linaporomoka. Fremu za juu zitapungua kidogo, ila fremu 50 zisizotetereka kwa saa mbili ni bora kuliko 70 za robo saa. Itumie pia kama kipimo: ukizima Turbo na tatizo likatoweka, hukumu imekwisha, ni joto la prosesa.

Utakutana na watu wanaosifia kupunguza volti za prosesa kwa ThrottleStop. Ilikuwa njia nzuri sana. Lakini Desemba 2019 ulitangazwa udhaifu wa kiusalama ulioitwa Plundervolt, na watengenezaji wengi wakaifunga njia hiyo kwenye BIOS (programu ya msingi iliyo kwenye ubao), kwa hiyo kwenye kizazi chako huenda utakuta imefungwa. Programu hiyo hiyo ina kisanduku cha BD PROCHOT ambacho ukikiondolea alama kinaondoa ule mkwamo wa gigahezi 0.8. Nakusihi usikiguse kabla hujapata chaja sahihi. Kinazima kengele, moto hakiuzimi.

Na RAM? Itafika zamu yake. Fungua Task Manager, Performance, Memory, uangalie Slots used. Ikisema 1 of 2, una kipande kimoja cha GB 8 kinachopita njia moja. Prosesa yako ina njia mbili za kumbukumbu: kwa DDR4 ya 2933, kipande kimoja kinapitisha kama GB 23.5 kwa sekunde, viwili karibu 47. Kuongeza kipande cha pili cha GB 8 kutaondoa ile mishtuko midogo unapoingia mitaa mipya, na kutakuwezesha kuacha kivinjari wazi. Ni matumizi mazuri ya hela, mwezi mwingine. Uliza DDR4 SODIMM (aina ya RAM ya laptop), 2933 au 3200, ya 3200 itashuka yenyewe ikafuata ya mashine. SSD iache isipokuwa imejaa. Kwa GB 256 na gemu inayochukua zaidi ya GB 100, futa usivyovitumia, inatosha.

Kwa hiyo mpangilio wako: chaja leo kwa kusoma tu, jaribio la mchana kesho, kusafisha baada ya hapo, kisha rudia jaribio lile lile, saa ile ile, barabara zile zile, uweke karatasi mbili pamoja. Kama chaja ni sahihi, feni mpya au safi, pesti mpya, na bado prosesa inagonga 95 ndani ya dakika chache, ujue bomba la shaba lenyewe limekufa. Ndani yake kuna kimiminika kidogo kinachobeba joto, na likipinda au likipasuka halifanyi kazi tena hata likionekana zima. Lina namba yake ya kiwandani iliyobandikwa juu au kuchapwa pembeni. Mwambie fundi aipige picha akiwa amefungua, mlitafute kwa namba hiyo, mara nyingi linatoka kwenye laptop iliyovunjika kioo. Niandikie namba za karatasi zote mbili pamoja na maandishi ya kwenye chaja.